Goma haina mito, lakini kompyuta huichora

Mtu akichukua ramani ya kidijitali ya miinuko ya Goma na kuiagiza programu itoe mtandao wa mito, baada ya dakika chache ataona mistari ya buluu ikishuka kutoka volkano ya Nyiragongo hadi Ziwa Kivu, huku ikipita juu ya paa za watu. Mkazi yeyote wa mji huu anajua kwamba mito hiyo haipo. Mvua ikinyesha, maji mengi huzama katika makoro, yale mawe ya lava yenye nyufa na matundu tunayojengea kuta za viwanja vyetu, na yanayobaki hufuata barabara. Algorithimu, yaani hatua za hesabu ambazo programu hufuata, imetimiza ilichoambiwa. Lawama yangu naielekeza kwetu sisi tunaoiachia ijaze kila shimo, yaani kila mahali palipo chini kuliko pote pembeni yake, bila kuuliza shimo hilo limetoka wapi.

Njia ya kujaza mashimo ninayoizungumzia ni ya kufurikisha kwa kipaumbele (Priority-Flood), ambayo watafiti Barnes, Lehman na Mulla waliieleza vizuri mwaka 2014. Ramani imegawanywa katika pikseli, yaani miraba midogo yenye kimo chake kila mmoja. Pikseli zote za ukingo huwekwa katika foleni, yenye kimo cha chini ikitangulia. Pikseli inapotoka, jirani zake wanane hukaguliwa: jirani ambaye hajafikiwa huingizwa kwenye foleni, na akiwa chini zaidi huinuliwa kwanza hadi usawa wa yule aliyemfikia. Kazi ikiisha, hakuna tone linalokwama ndani ya ramani. Kisha kila pikseli humwelekezea maji jirani mmoja kati ya hao wanane, kwa utaratibu uliopendekezwa na O'Callaghan na Mark mwaka 1984, na panapokusanyika maji ya pikseli nyingi kupita kiwango ulichochagua, mto huchorwa.

Naitetea njia hii, kwa sababu mashimo mengi katika data ni ya uongo. Rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000 ilipima majani ya miti na paa za nyumba pamoja na ardhi, na katika korongo jembamba kama la mto Ruzizi pikseli moja iliyokosewa inatosha kuuziba mto. Tena, Ziwa Kivu lenyewe lilipitia jambo hilohilo la kujaa hadi kumwagika: volkano za Virunga ziliziba njia ya kaskazini kuelekea Ziwa Edward, maji yakapanda mpaka yakapata upenyo upande wa Bukavu, yakamwagikia Ruzizi.

Lakini kreta ya Nyiragongo, shimo la kileleni mwake, si kosa la rada. Programu huijaza hadi sehemu ya chini kabisa ya ukingo wake, kisha huteremsha kijito kutoka kwenye mlima ambao haujawahi kumwaga maji kwa njia hiyo. Lac Vert nayo, ziwa dogo lililotulia ndani ya kreta yake bila mto wa kutokea, hupewa mlango wa kutolea maji. Bukavu, ambako udongo ni mzito na mto Kawa unaonekana kwa macho, kasoro hiyo ni ndogo. Huko Goma, kasoro hiyo huharibu ramani nzima.

Dawa yake haihitaji programu mpya. Ondoa vimo vya awali katika vimo vilivyojazwa, upate ramani ya vina vya mashimo, halafu kila shimo kubwa likaguliwe na mtu aliyewahi kufika hapo. Shimo la kweli linalonyonya maji liwekwe kwenye foleni tangu mwanzo pamoja na pikseli za ukingoni, nalo litahesabiwa kama mahali maji yanapoishia.

Kuna pia suala la tarehe, ambalo wengi hulipuuza. Data ya Februari 2000 ilipimwa kabla ya lava ya Januari 2002 kupita katikati ya mji, kufunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia ziwani. Anayeitumia leo kupanga mifereji ya Goma anapanga juu ya ardhi iliyokwisha kuzikwa. Hata data mpya zaidi, ikiwa pikseli yake ina mita 30, haiwezi kuona mfereji wa mita moja kandokando ya barabara ya Katindo. Kwa kazi ya namna hiyo afadhali mtaa upimwe kwa droni, na mpaka hapo ramani ya mji ibaki bila mstari wa buluu.