Nairobi hadi Mombasa kwa gari la umeme: anza na hesabu ya kurudi

Kila Desemba inapokaribia, swali lile lile huzuka miongoni mwa wenye magari ya umeme hapa Kenya: tunaweza kushuka Mombasa na kurudi bila kukwama njiani? Wapo wanaoshikilia kwamba safari hiyo isianze kabla ya kila kituo cha kuchaji kuandikwa, pamoja na saa ya kufika na asilimia ya betri. Wapo pia wanaosema huko ni kujitia hofu bure, kwa kuwa stima imefika kila mji kandokando ya barabara ile, kuanzia Mlolongo hadi Mazeras, na gari linachohitaji ni soketi tu. Kila upande una hoja nzito. Tatizo langu ni kwamba pande zote mbili hupiga hesabu ya kwenda, kisha zikachukulia kwamba kurudi ni safari ile ile iliyogeuzwa. Sivyo hata kidogo.

Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mombasa iko baharini kwenyewe. Chukua gari kama BYD Atto 3 lenye betri ya kilowati-saa 60.5 (kilowati-saa ni kipimo cha kiasi cha stima, ile yuniti ya bili), ambalo limekuwa likiuzwa nchini. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare, gari la ukubwa huo hula kama kilowati-saa 17 na nusu kwa kila kilomita 100. Ongeza abiria wanne na mizigo yao, uzito unafika tani mbili hivi. Kuinua tani mbili hadi mita 1,600 kunataka karibu kilowati-saa 9. Ukishuka, sehemu kubwa ya nguvu hiyo unapewa bure na mteremko. Ukipanda, unailipa yote na ziada juu, kwa sababu si stima yote inayotoka kwenye betri inayofika kwenye magurudumu. Kwa makadirio yangu, kwenda kutakula kilowati-saa 76 hivi na kurudi 94. Pengo hilo la 18 lingekusukuma kilomita 100 za tambarare, yaani zaidi kidogo ya umbali wa kutoka Mtito Andei hadi Voi.

Tazama kipande cha Nairobi na Voi peke yake, takriban kilomita 330. Ukitoka Nairobi betri ikiwa imejaa, ukaendesha kwa kilomita 100 kwa saa, utaingia Voi ukiwa umebakiwa na asilimia 13 hivi bila kuchaji popote. Utafurahi, na utamsimulia kila mtu. Siku ya kurudi, toka Voi na betri hiyo hiyo iliyojaa, kwa mwendo ule ule, na hutafika Nairobi. Gari litataka kama kilowati-saa 64 na wewe una 60. Betri itakuishia baada ya Salama, umeshapanda vilima vyote na taa za jiji ziko karibu. Barabara ni ile ile, gari ni lile lile, dereva ni yule yule.

Ndiyo maana nawapa haki kubwa wale wanaopanga. Programu za kupanga njia zinaujua mwinuko wa barabara, zinauliza uzito wa gari, zinapima upepo na joto, na makadirio yake mara nyingi ni bora kuliko yale yanayosomeka kwenye dashibodi, ambayo huangalia ulivyoendesha muda uliopita na kudhani utaendelea hivyo. Wapangaji pia wanaifahamu tabia ya betri: huingiza stima haraka ikiwa chini, na kuanzia asilimia 80 kwenda juu huanza kuipokea polepole. Kwa hiyo wanasema simama mara mbili kwa muda mfupi badala ya mara moja kwa muda mrefu, ondoka ukifika 80, na uingie kituo kinachofuata ukiwa na 10.

Hapo kwenye 10 ndipo tunapoachana. Kanuni hiyo imetoka Ulaya, na huko ina msingi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 ilizitaka nchi wanachama ziwe na vituo vya kuchaji magari kila kilomita 60 kwenye barabara kuu za mtandao wake hadi kufikia mwisho wa 2025, kila kituo kikiwa na jumla ya kilowati 400 na angalau chaja moja ya kilowati 150. Chaja ikiharibika, jirani yake inafanya kazi. Kituo kizima kikilala, kuna kingine mbele baada ya nusu saa.  Kwenye barabara yetu chaja ya kasi mara nyingi iko peke yake mahali ilipo, na gridi yenyewe, yaani mtandao wa stima wa taifa, ina siku zake. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Aliyekuwa akikikaribia kituo usiku ule akiwa na asilimia 10 alikuwa amefuata kanuni sahihi katika nchi isiyokuwa yake.

Upande wa pili una jibu kwa hali kama hiyo, na nadhani wapangaji huwadharau bila sababu. Soketi ya kawaida ya nyumbani, ile ya pini tatu nene, hutoa kilowati 2 na nusu hivi bila kuchoka. Hizo ni kilomita 14 za safari kwa kila saa ya kuchaji. Ni kidogo, lakini saa 12 za usiku kwenye lojingi ya Voi zinakupa kilowati-saa 30, nusu ya betri, huku umelala. Hoteli yenye chaja ya ukutani ya kilowati 7 inakujazia betri tupu kwa saa tisa hivi. Mtu aliyekubali kulala njiani hahitaji chaja ya kasi kwa safari hii, na tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya stima ya kuchajia magari, ambayo ilipoanza, usiku ilishuka hadi shilingi 8 kwa kilowati-saa kabla ya kodi na tozo, nusu ya ile ya saa za kawaida. Kwa mwenye hoteli kati ya Emali na Voi hiyo ni biashara, na sielewi kwa nini wengi bado hawajaiona.

Udhaifu wao uko kwenye waya. Soketi ya chumbani ilifungwa kwa ajili ya birika la chai linalochemka kwa dakika nne, halikuwazwa gari linalovuta ampea 10 kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Plagi ikianza kuwa moto kiasi cha kushindwa kuishika, au plastiki ikatoa harufu, chomoa mara moja, na usiunganishe kwa ekstensheni nyembamba ya televisheni. Anayetegemea soketi aombe aonyeshwe ile ya jikoni au ya mashine ya kufulia, apunguze ampea kwenye mipangilio ya gari, arudi kuigusa baada ya nusu saa. Na azungumze na mwenye hoteli kuhusu malipo kabla ya kuchomeka. Kuiba stima ya mtu usiku ni njia ya haraka ya kuwafungia milango wenzako watakaokuja wiki ijayo.

Halafu kuna foleni, ambayo haionekani kwenye mpango wa mtu mmoja. Chaja ya kilowati 60 huchukua kama dakika 40 kulitoa gari hilo kwenye 20 hadi 80. Mtu akila chakula cha mchana Mtito Andei, muda huo unapita wenyewe. Hata wenye petroli husimama pale. Lakini tarehe 23 Desemba, magari matatu yakikutangulia, dakika 40 zako zimekuwa saa mbili na zaidi, na waliokutangulia nao walitumia programu ile ile, ikawapa jibu lile lile la kuchaji pale. Kila mmoja alipanga vizuri. Kwa siku za msimu, afadhali kuchagua kituo ambacho si cha katikati ya njia, hata kama hesabu inakiita cha pili kwa ubora, na kumpigia simu mhudumu asubuhi ya safari kuuliza mambo mawili: chaja inafanya kazi leo, na plagi yake ni ya aina gani? Nissan Leaf kutoka Japani hutumia CHAdeMO, magari mengi mapya hutumia CCS2, na baadhi ya yale yaliyoletwa moja kwa moja kutoka China yana plagi ya kwao. Kufika kwenye chaja nzima yenye plagi isiyoingia ni sawa na kutofika.

Msongamano, kwa upande mwingine, unaogopwa kupita kiasi. Kukwama saa mbili nyuma ya malori Mariakani kwa gari la umeme ni kiyoyozi tu, kilowati-saa 2 au 3. Kinachomaliza betri ni mwendo. Upinzani wa hewa kwa kilomita 110 kwa saa unakaribia mara mbili ya ule wa 80. Rudi kwenye hesabu yetu ya Voi kwenda Nairobi: kwa 80, gari lile lililoishiwa baada ya Salama sasa linafika likiwa na akiba ya kilowati-saa 8 hivi. Limetumia dakika 50 zaidi barabarani, ambazo si mbali na zile 40 ambazo lingesimama kuchaji, ila dakika hizi hazitegemei chaja nzima, foleni fupi wala gridi iliyo hai. Gharama yake ipo: kwa 80 unakwenda sambamba na malori, na kila basi litataka kukupita. Si kila dereva ataivumilia, na sitamlaumu.

Nikiulizwa, mpango wangu ungeandikwa kutoka Mombasa kwenda juu. Kwanza ningetafuta mahali pa kujaza betri kamili Mombasa usiku wa mwisho, kisha kituo kimoja cha kasi kati ya Voi na Makindu, kisha soketi ya akiba ninayoweza kuifikia hata kituo hicho kikiwa kimekufa. Akiba ningeipima kwa kilomita za kufika kwenye soketi hiyo, tena ikiwezekana iwe nyuma yangu, upande wa mteremko, kwa kuwa kurudi nyuma kunakula kidogo kuliko kusonga mbele. Ningepita Tsavo mchana. Kipande cha Mtito Andei hadi Voi kinakatiza hifadhi mbili, tembo huvuka, na hapo si mahali pa kusubiri msaada usiku. Mpango wa kwenda ungejitokeza wenyewe, kwa sababu gari linaloweza kurudi kwa vituo hivyo litashuka navyo bila shida.

Kwa mwenye Leaf ya kilowati-saa 24, jibu langu ni tofauti. Betri ile haina mfumo wa kupoza kwa maji. Kuichaji kwa kasi mara nne au tano siku moja, kwenye joto la Voi, huipasha moto hadi gari lenyewe linaanza kupunguza kasi ya kuchaji, kwa hiyo kila kituo kinakuwa kirefu kuliko kilichotangulia. Hakuna programu itakayorekebisha hilo. Gari lile ni zuri mno kwa Nairobi. Safari ya pwani mwenyewe apande treni ya SGR, na familia itafika mchana ule ule.