Kura ya mapema maktabani: malalamiko ya wakutubi wa Georgia yana msingi

Mkutubi wa Marekani akisema chumba chake cha mikutano kisigeuzwe kituo cha kura ya mapema, huchukuliwa kuwa hajali demokrasia. Anaonewa. Malalamiko yake yanahusu gharama, na katika jimbo la Georgia gharama hiyo ni kubwa kuliko wanavyodhani wanaomlaumu. Katika kaunti za Fulton na DeKalb, zinazogawana jiji la Atlanta, matawi ya maktaba kama Buckhead, Ponce de Leon na Dunwoody yamewahi kuwa vituo.

Kura ya mapema ya huko si kama ya Zanzibar, ambayo ni ya siku moja kwa askari, watendaji wa uchaguzi na wengine wachache wa zamu. Georgia inamhusu kila aliyejiandikisha. Huanza Jumatatu ya nne kabla ya uchaguzi, au Jumanne kukiwa na sikukuu, na huisha Ijumaa ya mwisho, Jumamosi mbili zikiwemo kwa lazima. Mwaka 2024 ilianza 15 Oktoba hadi 1 Novemba, na siku ya kwanza peke yake walijitokeza zaidi ya watu 300,000.

Watu wote hao lazima wapate pa kuingia, na hapo wanaotaka maktaba wana hoja ya kweli. Jengo ni la umma, lina njia ya viti vya magurudumu, vyoo na maegesho. Shule, ambazo kwetu hubeba uchaguzi siku moja ukaisha, haziwezi kuwaacha wageni wapite koridoni wiki tatu watoto wakiwa darasani. Makanisa yana nafasi, ila si kila mtu yuko radhi kupigia kura kanisani.

Kinachosahaulika ni hesabu ya mwaka mzima. Mwaka 2024 Georgia ilikuwa na mchujo wa urais Machi (vyama vikichagua wagombea wao), mchujo wa nafasi nyingine Mei, marudio yake Juni (duru ya pili pale ambapo hakuna aliyepita nusu ya kura), kisha uchaguzi wa Novemba. Wiki tatu mara tatu, ongeza wiki moja ya marudio: ni wiki kumi, bila siku za kufunga mitambo na kuifungua. Si kila tawi hutumika kila mara, lakini linalotumika mara zote hukosa chumba chake karibu moja ya tano ya mwaka. Na tangu sheria ya uchaguzi ya jimbo ya 2021, marudio hufanyika wiki nne tu baada ya uchaguzi. Ndiyo maana mwaka 2022 vyumba vilivyoachwa mwanzoni mwa Novemba vilihitajika tena kabla mwezi haujaisha. Huwezi kupanga ratiba hivyo, kwa sababu marudio hayajulikani mpaka kura zihesabiwe.

Na chumba hicho hakikai bure. Vyumba vya namna hii ndimo yanamofanyika madarasa ya Kiingereza na ya mtihani wa uraia. Clarkston, mji mdogo wa DeKalb, umepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, wakiwemo Wakongomani na Warundi wasemao Kiswahili. Mama anayefanya kazi ya zamu akikosa darasa wiki tatu, si rahisi arudi. Chumba kinachomwandaa mpiga kura wa kesho kinafungwa ili wa leo apige kura, na hasara hiyo haimo katika bajeti yoyote ya uchaguzi.

Kazi yenyewe nayo ina mitego. Mashine za Georgia huchapa karatasi ya kura, kila moja kwa printa yake ya leza. Saketi ya kawaida ya ampea 20 kwa volti 120 hutoa wati 2,400, na matumizi ya mfululizo yasizidi 1,920. Printa tatu zikipasha moto kwa pamoja, kila moja ikivuta wati 600 au zaidi, kisha mtu awashe birika la kahawa kwenye saketi hiyohiyo, swichi inakatika na foleni inasimama. Soketi zipimwe na fundi wiki moja kabla, na zile za kura zibandikwe alama.

Nje, kampeni ni marufuku ndani ya futi 150, yaani meta 46 hivi, kutoka ukuta wa jengo. Hata kumgawia maji aliye kwenye foleni ndani ya mpaka huo ni kosa. Wasimamizi wanaweza kuweka chombo cha maji kisicho na mhudumu, kila mtu ajichukulie. Msomaji anayerudisha kitabu akiwa na fulana ya mgombea naye huleta mabishano, na mara nyingi hugombana na mkutubi, ambaye hakula kiapo cha uchaguzi.

Kinachonisumbua zaidi ni Jumanne, siku yenyewe ya uchaguzi. Wakati wa kura ya mapema unapiga kura kituo chochote cha kaunti yako. Jumanne ni kituo ulichopangiwa tu. Aliyemsindikiza jirani maktabani wiki iliyopita anarudi pale pale, anakuta rafu na vitabu. Tangu 2021, kura ya muda, yaani ile inayowekwa kando mpaka ihakikiwe, ikipigwa kituo kisicho chako kabla ya saa 11 jioni haihesabiwi. Kwa hiyo jibu la "nadhani ni shule ile" linaweza kumpotezea mtu kura yake. Kaunta ifungue ukurasa wa mpiga kura kwenye tovuti ya jimbo, mhusika aingize mwenyewe herufi ya kwanza ya jina, jina la ukoo, kaunti na tarehe ya kuzaliwa, kisha achapishiwe anwani ya kituo aondoke nayo. Asiyesoma Kiingereza aambiwe pia kwamba sheria ya shirikisho inamruhusu kuingia na msaidizi amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi.

Sioni sababu ya kuziondoa maktaba katika kazi hii. Naona sababu ya kaunti kulipa. Mkataba uandikwe kabla ya mwaka wa uchaguzi kuanza, utaje nani analipa fundi umeme na saa za ziada, darasa la Kiingereza litahamia chumba gani, kwa anwani, na ofisi ya uchaguzi imweke mtu wake mlangoni Jumanne, saa moja asubuhi hadi saa moja usiku, awaelekeze wanaorudi.