Kima wa Hillgrove na Sweta Langu

Madaktari wa Chennai, India, walipomwambia shangazi kwamba goti lake limepona na anaweza kutembea apendavyo, aliyapokea maneno hayo kama amri ya serikali, akanitaka mimi msindikizaji wake nimzungushe jimbo lote la Tamil Nadu kabla hatujarudi Tanga.

Tulianzia Madurai, kwenye hekalu la Meenakshi lenye minara 14 iliyosheheni sanamu za rangi zote. Wasio Wahindu hawaingii patakatifu pa ndani, lakini kumbi na nyua zake zinatosha kumshughulisha mtu nusu siku. Viatu huachwa nje. Tulifika adhuhuri ikikaribia, mawe ya ua yakiwa yameota jua tangu alfajiri, nami nikavuka kwa kurukaruka, huku shangazi, aliyekulia peku katika mashamba ya Muheza, akitembea taratibu na kuniuliza kama nami ninahitaji daktari wa magoti. Namshukuru Mungu kwamba simu haziruhusiwi humo, kwa hiyo picha hakuna.

Kilichotutoa jasho zaidi kilikuwa safari ya kwenda Ooty, mji wa milimani uliojengwa na Waingereza ili kukimbia joto la tambarare, mita zipatazo 2,240 juu ya bahari. Treni huondoka Mettupalayam asubuhi na kupanda kilomita 46 kwenye reli iliyofika Coonoor mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908. Katika sehemu ya mteremko mkali kuna reli ya meno katikati, ambayo gurudumu la injini huing'ata, na injini yenyewe hukaa nyuma ikisukuma mabehewa. Mwendo ni wa pole kiasi kwamba shangazi aliuliza kama tumeshaondoka.

Treni ilisimama Hillgrove, stesheni ndogo porini, ili injini inywe maji. Abiria walishuka kununua chai na vada, ambazo ni ndugu wa damu wa bajia zetu, na kima nao walishuka kutoka mitini, kwa sababu ratiba ya treni ile wanaijua kuliko mkuu wa stesheni. Nilinunua vada za moto na kuziweka kwenye mfuko uliokuwa na sweta langu, la pekee nililokuwa nalo. Alinijia kima mmoja mzee, nywele zake zimepasuliwa njia katikati kama karani wa forodha, akanitazama usoni bila haraka, akaushika mfuko kwa mkono mmoja na suruali yangu kwa mwingine. Ilinibidi nichague, na mbele ya abiria wote wale nilichagua suruali.

Alipanda juu ya paa, akaupindua mfuko, akazidaka vada kwa ustadi, na sweta akaliachia liteleze hadi kwenye korongo upande wa pili. Nilipiga kelele. Kima akaendelea kula, na injini ikapiga honi.

Kupita Coonoor, ukungu uliingia madirishani na meno yangu yakaanza kugongana. Shangazi alifungua begi lake akanifunika khanga kuanzia kichwani hadi kiunoni, nami sikuwa na nguvu za kusoma kilichoandikwa mgongoni. Tulipofika Ooty nilitembea nayo kuelekea duka la sweta, nikijipa moyo kwamba mji mzima hauna mtu anayejua Kiswahili, mpaka kundi la wanafunzi waliotoka Afrika Mashariki lilipopita nyuma yetu na mmoja wao akasoma kwa sauti: "Mke mwenza mezea!" Walicheka hadi wakashikiliana. Shangazi, badala ya kunisitiri, aliwaalika chai na kuwasimulia kisa chote.

Siku iliyofuata tuliteremka hadi hifadhi ya Mudumalai kutafuta chui milia. Tuliona paa wenye madoadoa na makalio ya nyati pori mmoja, chui hakutokea. Theppakadu, kwenye kambi ya tembo humo hifadhini, tulikuta tembo wakilishwa matonge makubwa ya ulezi, na hapo shangazi akapata wasikilizaji wapya. Kwa Kiswahili na mikono aliwaeleza watunza tembo habari za Hillgrove, ambapo kima sasa alikuwa na kimo cha mlango, na mimi nilipigana naye nikashindwa. Wanaume wale, wanaolala na kuamka katika msitu wa chui na tembo, walinitazama kwa huruma, na mmoja wao akanimegea ulezi.