Mto Mmoja, Ramani Tatu

Kidato cha kwanza tulifundishwa skeli kama hesabu tu. Unanyoosha uzi juu ya ramani, unaupima kwa rula, unazidisha, unapata maksi zako. Kwamba skeli ndiyo inayoamua nani alaumiwe, hilo nilikuja kufunguliwa macho na mto Ruaha Mkuu, wa Tanzania.

Maji yake hushuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, yakatanda kwenye tambarare ya Usangu, yakatuama kwenye kinamasi cha Ihefu, kisha yakapenya mlango wa miamba wa N'giriama kwenda Hifadhi ya Ruaha, halafu bwawa la umeme la Mtera, halafu la Kidatu. Tangu mapema miaka ya 1990, kiangazi kikikaza, mto hukauka ndani ya hifadhi na viboko hubanana kwenye vidimbwi vya tope.

Simama kwenye banio, lango la kuingizia maji mferejini, huko Mbarali, Usangu. Unamwona mkulima anaingiza maji kwenye majaruba yake, basi. Utamshitaki kwa lipi? Litazame bonde zima sasa: mabanio ni mengi, na mengine hubaki wazi hata mpunga ukishavunwa, maji yakizagaa mashambani bila kazi. Kosa lipo, ila huwezi kumkabidhi mtu mmoja.

Tazama nchi nzima. Mwaka 2006, mgao wa umeme ukiwa umetukaba, lawama zilimiminikia Usangu, na wafugaji wakaondolewa pamoja na ng'ombe wao. Mwaka 2008 sehemu ya Usangu ikaunganishwa na hifadhi. Lakini watafiti waliofuatilia mtiririko wa mto ule walishaonyesha kwamba Mtera hujazwa na maji ya masika, tena Ruaha Mdogo na Kisigo nayo humwaga humo. Maji ya kiangazi yanayoishia Usangu, kwa bwawa kubwa kama lile, ni kijiko. Kwa kiboko ndiyo uhai wake.

Sisemi ng'ombe hawakuikanyaga Ihefu. Waliikanyaga, na kwa ajili ya hifadhi hoja ya kupunguza mifugo ina uzito. Ninachokataa ni kuichukua hoja ya kiboko na kuifungia kwenye nyaya za umeme. Mfugaji aliyehamishwa alibebeshwa giza la Dar es Salaam.

Ningekuwa mwalimu, ningewapa wanafunzi ramani ya banio, ya bonde na ya nchi, wachore juu yake maji ya Februari na ya Oktoba. Uzi wa kupimia wanao tayari.