Splendor: je, kila mtu anacheza kivyake?

Tangu Splendor, mchezo wa mezani wa Marc André, itoke mwaka 2014, wanaoipenda husifu kwamba mgeni huelewa sheria zake kwa dakika chache. Wasioipenda hulalamika kwamba kila mchezaji huinamia kadi zake, wala hamgusi mwenzake. Sifa hiyo ni ya kweli. Lawama ina nusu ya ukweli.

Kila zamu unafanya jambo moja tu: unachukua vito vitatu vya rangi tofauti, au viwili vya rangi moja, unanunua kadi, au unaweka kadi akiba na kupewa kito cha dhahabu, kinachosimama badala ya rangi yoyote. Utamu uko kwenye kununua. Ukishapata kadi nyekundu, inakupunguzia kito kimoja chekundu katika kila ununuzi hadi mwisho wa mchezo, hivyo kadi iliyokushinda mwanzoni huenda baadaye ukaichukua bure.

Ugomvi wenyewe umejificha kwenye vito. Mkiwa wawili, kila rangi ina vito vinne tu, na huruhusiwi kuchukua viwili vya rangi moja ila fungu likiwa na vinne au zaidi. Mwenzako akidokoa kimoja cha buluu, mpango wako umekwama. Kadi inayodai vito saba vya buluu haifikiki kwa vito vinne: lazima utafute kadi za buluu au dhahabu, naye anaona unakoelekea. Akiiweka akiba, safari imeishia hapo.

Mkiwa wanne, lawama inapata nguvu. Vito ni saba kwa kila rangi, na kadi uliyoilenga inapita mbele ya macho ya watu watatu kabla zamu haijakurudia. Kupanga mbali hakulipi. Tena kadi ikinunuliwa, nyingine hufunuliwa papo hapo, na anayefuata anaweza kuangukiwa na ile hasa aliyoihitaji.

Wageni wengi huangushwa na akiba. Nafasi ni tatu tu, na kadi haitoki mpaka uinunue. Ukizijaza kadi za bei kubwa mapema, umejifunga. Waungwana nao, vigae vya ziada vinavyomwendea mwenye kadi za rangi vinazozitaka, wenye pointi 3 kila mmoja, huvutia kupita kiasi: baadhi hudai kadi nane, nne nne za rangi mbili, huku mpinzani akikimbilia pointi 15 za kumaliza mchezo kwa kadi chache kubwa. Na mkifungana pointi, mshindi ni mwenye kadi chache.