Kishingo cha Gramu 92

Mlio ulianza Dunga, hapa Unguja, njiani kwenda Chwaka. Si mlio hasa, ni kama mtu anayekutafunia kashata sikioni. Nikikanyaga pedali ya kulia, kwi. Ya kushoto, kimya. Kulia, kwi. Nikadhani ni goti langu. Nikasimama chini ya mwembe, nikalikunja na kulikunjua mara tatu mbele ya watoto wa skuli. Goti kimya, watoto ndio waliopiga kelele. Basi ni baskeli.

Na baskeli yenyewe mnaijua: ya resi, ya mtumba, ilishuka na kontena ina usukani wa pembe za beberu. Niliinunua baada ya daktari kulitazama tumbo langu na kuniuliza kama nina mpango nalo.

Kishingo chake cha asili kilikuwa kizima. Nasema kishingo kwa maana ya kile kipande kifupi kinachokaa juu ya foku, ule uma ulioshika gurudumu la mbele, kikaukamata usukani. Vijana wanakiita stemu. Kilikuwa cheusi, kimekwaruzika kwaruzika, na hakijawahi kunitamkia neno. Lakini katika kundi letu la Jumapili alfajiri ukimya si sifa. Sifa ni gramu. Watu wazima wenye wake na madeni wanasimama kando ya barabara wanaulizana siti yako gramu ngapi.

"Maalim, stemu yako hiyo nzito," akaniambia kijana mmoja wa Bububu, miguu yake kama mianzi miwili iliyopakwa mafuta. "Badilisha, utaona unapaa."

Miye ni mwalimu wa hesabu, mwaka wa 19 huu. Ningekaa na kalamu dakika mbili ningeokoka. Sikukaa. Nikamtuma mpwa wangu akaagiza mtandaoni, shilingi laki moja na sabini na tano elfu. Nyumbani nikasema elfu arobaini.

Kilipofika nikakichukua pamoja na cha zamani mpaka Darajani kwa muuza viungo, maana mizani ya nyumbani ni ya kunipimia miye, gramu haizijui. Akaweka cha zamani: 148. Akaweka kipya: 92.

"Tofauti gramu 56!" nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Yule bwana hakujibu. Akachota iliki, akazimwaga kwenye sahani ya mizani kidogokidogo, punje kwa punje mwishoni, mpaka ikasoma 56. Akanimiminia kiganjani. "Ndizo hizi, Maalim. Umetoa shilingi ngapi vile?"

Nikazitazama. Iliki za pilau, basi. Na miye hapa nilipo nina kilo 94 kabla ya chai, na chai yangu haiendi bila boflo.

Ikaja kazi ya kukifunga. Fundi wangu wa mtaani kalelewa na Foniks, zile baskeli za Kichina za mizigo, na shingo ya Foniks ni chuma kitupu: bomba linalozama ndani ya foku, bolti moja ndefu juu, kabari chini. Ukikaza, kabari inapanda, bomba linabana ndani, mambo yamekwisha mpaka Kiyama. Unaweza kupakia mke, magunia mawili ya mkaa na mbuzi, ile shingo haitajua kama kuna safari.

Changu kilikuwa na bolti sita nyembamba za titaniamu, nne mbele zinashika kifuniko cha usukani, mbili ubavuni zinashika foku. Na kimeandikwa mwilini, kwa herufi za mchwa, kwamba kila bolti ikazwe kwa nyutonimita 5 tu.

"Hizo ni ngapi kwa mkono?" akauliza fundi.

Nikamfundisha. Chukua mpini wa mita moja, ncha moja ifunge kwenye bolti, ncha ya pili tundika nusu kilo ya sukari. Ile nguvu ya kuzungusha inayoipata bolti, ndiyo hiyo.

Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Nusu kilo ya sukari! Maalim, kwa nusu kilo hata mfuniko wa sufuria haukai." Akashika alenki, akauma meno, akakaza. Mshipa wa shingo ukamtoka. Bolti moja ikasema "tik", sauti ndogo ya mtu aliyekata tamaa, na tundu lake lililokuwa na pembe sita likabaki duara, safi, kama kinywa cha samaki.

"Sasa hiyo haitoki," akasema kwa fahari. Na kweli.

Ndipo ule mlio wa Dunga. Jumapili ile nikafika Chwaka nikiwa wa mwisho, na pwani pale nikawauliza wenzangu, maana wanne kati yao wanavyo vishingo hivi vyepesi: jamani, vinategemeka?

Yakhe, ni kama umewauliza watu habari za mkwe. Mmoja akasema chake mwaka wa tatu hakijamsumbua hata siku moja. Nikafurahi, mpaka nikakumbuka huyu tunamwona mara moja kwa mwezi, na siku hiyo hupanda mpaka kituo cha mafuta akarudi. Wa pili alikuwa mwoga wa kuvunja, akakaza kwa huruma. Alipoingia kwenye tuta usukani ukainama mbele kama unasujudu, naye akasujudu nao. Wa tatu hakukigusa tangu masika ya mwaka juzi, na bolti zake yeye ni za chuma, si titaniamu. Chumvi ya upepo wa bahari imeingia kati ya chuma na aluminiamu, vimefunga ndoa, hakuna kadhi wa kuviachanisha.

Wa nne ni Mpemba, na Mpemba anajua baskeli kwa sababu kwao kuna vilima. Kutoka Chake kwenda Wete unasimama juu ya pedali, unavuta usukani kama unang'oa muhogo. Chake nacho kililia. Akakifungua chote, akafuta mchanga, akapaka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti, akakaza kwa msalaba: ya juu kulia, ya chini kushoto, robo mzunguko, robo mzunguko, kwa spana ile ya kupimia nguvu. Kikanyamaza.

"Kwa hiyo kinategemeka?" nikamuuliza.

"Kinategemeka, Maalim. Lakini usikitegemee."

Halafu ndiyo akanieleza jambo ambalo tangu siku hiyo sijalala vizuri. Chuma, akasema, ukikitesa kidogokidogo chini ya kiwango chake husamehe na kusahau. Aluminiamu haisahau. Kila shimo unaloingia inaliandika daftarini, dogo kwa kubwa, na siku daftari likijaa haikuiti kikao. Ndiyo maana kishingo kikipunguzwa nyama kwa ajili ya gramu hutakiwa kukaguliwa na kukazwa kwa kipimo, na mtu wa kilo 94, akasema huku akitazama bahari, ajiulize mara mbili.

Nikarudi mjini nikiyahesabu mashimo. Kufika Mwera nikaacha, hesabu ilishanishinda.

Usiku watoto walipolala nikachukua tochi ya simu, nikachuchumaa uani. Mwanya kati ya kifuniko na kishingo, kwa vishingo vya namna hii, unatakiwa uwe sawa juu na chini. Wangu juu ulikuwa umefumba kabisa, chini unaingia ukucha. Fundi kabana upande mmoja mpaka kifuniko kikapinda mdomo. Kwenye mkunjo mlikuwa na unga mweupe wa chumvi na mchanga wa Chwaka. Nikaufuta kwa kanzu kuukuu. Na hapo, pembeni ya tundu la ile bolti ya "tik", nikaona unywele.

Nikaupuliza. Haukuondoka. Nikausugua kwa kidole chenye mate. Upo. Nikapitisha ukucha juu yake taratibu, na ukucha ukakwama. Unywele haukwamishi ukucha. Ufa ndio unaokwamisha ukucha.

Asubuhi nikaingia stoo kutafuta kishingo cha zamani. Nikapekua chini ya mbuzi wa nazi, nyuma ya mapipa, ndani ya kapu la viatu. Hakuna.

"Mama Khamis, kile kichuma changu cheusi?"

Akaninyooshea kidole juu. Mama Khamis katengeneza kingoe. Kachukua mpini mrefu wa fagio la buibui, kauchomeka kwenye lile tundu la foku, kaingia barabara, maana wazungu walipima kwa ajili ya foku lakini Mungu alipima kwa ajili ya fagio. Mbele, panapokaa usukani, kabana kijiti cha mpera. Akakipandisha kwenye mshelisheli, akavuta mara moja, shelisheli kubwa kama kichwa changu likaanguka puu. Kile kishingo hakikusema kitu.

"Ulikikaza kwa nguvu gani?"

"Mpaka kikashika."

Nikamwambia nakihitaji. Akauliza kwa nini, na kile kipya? Nikasema kimepata hitilafu kidogo. Akashusha kingoe, akakiegemeza ukutani kwa adabu, akanitazama kwa huruma ya kweli, huruma ambayo sikuistahiki.

"Masikini, Baba Khamis. Kwa nini unyang'anye kingoe changu wakati wa mashelisheli kwa kitu cha elfu arobaini?" Akafungua pindo la kanga, akanihesabia elfu kumi, elfu kumi, elfu kumi, elfu kumi. "Nenda kanunue kingine."

Nimezishika mpaka sasa. Jumapili kundi linakwenda Fumba. Nimewaambia vijana goti linaniuma.