Deni la mwingine, simu yangu

Jamani, hawa wa mikopo ya mtandaoni watuache! Mtu kakopa elfu hamsini huko kwake, mimi natumiwa meseji: "Mwambie fulani alipe, ni tapeli." Sikumdhamini, sikusaini popote. Namba yangu imo tu kwenye simu yake, na programu haitoi mkopo mpaka isome majina yote aliyohifadhi. Shemeji, bosi, mchungaji, wote wamo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo hapa Tanzania tangu 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ikazifungia programu 69 zisizo na leseni. Meseji bado zinaingia! Kudai deni ni haki yao, kumdhalilisha mtu mbele ya wakwe zake siyo. Wenye programu hizo washtakiwe wenyewe, maana ukifunga moja kesho wanafungua nyingine kwa jina jipya.